Wiki moja Tukuyu na Matema kwa miguu, watoto watatu na bibi: ratiba hii inatembeka?

Mama_Watatu

Wanajamvi, heshima kwenu. Tunatoka Morogoro kwa basi, tunaingia Mbeya Jumapili jioni mwishoni mwa Juni shule zikiwa zimefungwa, tunageuza Jumatatu ya wiki inayofuata. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wa miaka 13, 9 na 5, na mama mkwe wa miaka 66 ambaye goti linamsumbua akiteremka. Hatuji na gari. Nia ni kutembea kwa miguu, siyo kukaa kwenye kiti siku nzima.

Rasimu: Jumatatu Ziwa Ngozi. Jumanne Mlima Rungwe. Jumatano Daraja la Mungu, Kijungu na maporomoko ya Kaporogwe. Alhamisi hadi Jumamosi Matema. Jumapili kurudi Mbeya.

Naomba kujua: tufikie Mbeya mjini au Tukuyu? Huyu wa miaka 5 atafika Ngozi? Mvua itakuwa imekata? Na viatu, maana vya dukani bei zake zinatisha, sijui kama vina ulazima.

Mzee_wa_Kiwira

Karibuni sana nyanda za juu. Dada, rasimu yako ina siku moja ya kuua familia, nayo ni Jumanne. Mlima Rungwe una mita 2,960, na njia ya upande wa Sekondari ya Rungwe humchukua mtu mzima mwenye mazoezi kama saa 10 kwenda na kurudi. Wa miaka 13 pengine, akiwa na baba yake na mwongozaji. Hao wengine hapana. Futeni. Kama mlitamani kumwona kipunji, yule kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, hakai kusubiri watoto wanaogombania biskuti.

Kaporogwe nayo itoeni Jumatano. Daraja la Mungu liko kaskazini ya Tukuyu, Kaporogwe iko kusini. Mtashinda barabarani.

Sasa panga hivi: anza na Jumamosi, rudi nyuma. Jumamosi ndiyo siku ya soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu kutoka Ikombe. Mkilikosa hilo mmekosa nusu ya Matema. Kwa hiyo Ijumaa mnateremka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na siku za kutembea milimani ni Jumatatu hadi Alhamisi.

Jumapili mkifika, laleni Mbeya au Uyole. Barabara ya Tukuyu inapanda milima ya Uporoto, na ukungu wa usiku pale si wa kuchezea. Jumatatu asubuhi chukueni kosta Nane Nane. Ni kama kilomita 70. Mchana huo tembeeni taratibu kwenye njia za mashamba ya chai Katumba, miinuko ni midogo na bibi ataweza. Ombeni ruhusa kwa msimamizi, na ulizeni kama kuna kupuliza dawa siku hiyo. Ikiwa ipo, rudini.

Jumanne Daraja la Mungu na Kijungu. Shukeni Kibwe, kama kilomita 12 kabla ya Tukuyu mtu akitoka Mbeya, kisha kuna usafiri wa kuingia ndani upande wa magharibi. Daraja ni mwamba wa lava uliokaa juu ya Mto Kiwira. Kijungu ni pale mto unapojipenyeza kwenye miamba na kuzunguka kama ndani ya chungu. Kijungu mnapitia eneo la chuo cha magereza, hivyo beba vitambulisho, jisajilini getini, na simu zikae mfukoni hadi mfike mtoni. Miamba ya pale ina utelezi hata isiyoonekana kulowa. Mtoto mdogo ashikwe muda wote, na hakuna kupiga picha kwa kurudi nyumanyuma.

Jumatano Ngozi, Alhamisi Ziwa Masoko, ambalo gari linafika karibu kabisa na maji, bibi akae kivulini na nyinyi mzunguke. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba Jumatano ikiamka na mvua, Ngozi na Masoko zinabadilishana siku bila kuvuruga Jumamosi.

Malazi Tukuyu. Kwa Ngozi pekee Mbeya na Tukuyu hazipishani sana, lakini hayo mengine yote yako upande wa Tukuyu.

Fundi_wa_Njia

Namuunga mkono mzee. Niongeze ya Ngozi, maana hapo ndipo familia nyingi hukosea hesabu.

Watu wanasikia "saa moja kupanda" na wanadhani ni kutoka lami. Siyo. Kutoka lami pale Mchangani hadi ukingo wa msitu kuna kilomita 5 hivi za barabara ya vumbi, ndipo saa moja ya msituni inaanza, tena ni saa ya mtu mzima. Mkitembea yote ni kilomita 10 za ziada kwenda na kurudi, na wa miaka 5 atakuwa ameishiwa kabla ya kuuona mti wa kwanza. Kodini Noah au gari lililoinuka kidogo liwafikishe msituni na liwasubiri. Bodaboda zipo, ila msipande mishikaki na watoto kwenye barabara ile.

Hesabu ya muda: mtu mzima hutembea kilomita 4 kwa saa kwenye tambarare, na huongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiwa na mtoto wa miaka 5, zidisha jibu mara mbili. Kwa hiyo wekeni saa 2 kupanda, dakika 45 juu, saa 1 na nusu kushuka. Anzeni kupanda saa 2 asubuhi. Ikifika saa 5 na nusu, popote mlipo, geuzeni. Mawingu hukusanyika mchana, na ndani ya msitu na mianzi giza huingia mapema kuliko saa inavyosema.

Udongo wa kule ni majivu ya volkano. Ukikauka ni vumbi laini, ukilowa ni sabuni. Kupanda si tatizo, watu huanguka wakishuka. Mdogo msimbebe mgongoni kwa kitenge kwenye mteremko: mbebaji akiteleza anakalia mtoto. Wakati wa kupanda anaweza kubebwa akichoka, lakini ashuke kwa miguu yake, mtu mzima akitangulia hatua moja mbele yake, na mwingine amshike kifundo cha mkono. Siyo vidole, vidole huchomoka.

Ukingo uko juu ya maji kwa zaidi ya mita 200. Kuna vijana watawaambia wanaweza kuwashusha hadi ziwani. Kataeni, ni ukuta wenye mizizi ya kushikilia. Ziwa linaonekana vizuri kutoka juu. Mkikuta ukungu, subirini nusu saa. Mara nyingi hufunguka kidogo na kufunga tena.

Viatu: havihitaji kuwa vya laki. Geuza soli, pima meno yake kwa kucha; yakiwa na kina cha milimita 4 au zaidi na mpira ukibonyea, kinafaa. Raba bapa za shule hapana. Mabuti ya mvua ambayo wenyeji hupandia yanashika vizuri ila yanachubua kisigino cha mgeni, vaeni soksi mbili. Watoto wavae viatu hivyo nyumbani wiki mbili kabla, na kucha za miguu zikatwe siku tatu kabla ya safari. Kwenye mteremko kidole gumba hugonga mbele, na kucha ndefu ndiyo inayoleta kilio.

Suruali ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu na majani yanayowasha. Maji lita moja kwa mtoto, lita moja na nusu kwa mkubwa. Chakula kisiwe biskuti tupu: viazi vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi mbivu. Ndizi nunueni Kiwira mkipita, msizibebe kutoka Morogoro!

Ada ya kuingia msituni na mwongozaji ulizeni siku moja kabla kwa watu wa TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo, na kuisubiri mkiwa njiani asubuhi kunaweza kuwala saa nzima ya kutembea.

Nesi_Zamu

Kuhusu mvua: Juni masika yamekwisha, ila Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na manyunyu hayaishi kabisa. Tatizo kubwa la mwezi huo ni baridi. Mtoto aliyelowa jasho akikaa ukingoni na upepo hupoa haraka kuliko mkubwa. Fulana kavu ya kubadilisha juu, sweta, koti la mvua. Kofia kwa mdogo. Nguo hazikauki usiku mmoja Tukuyu, kwa hiyo suruali mbili kila mtu, na magazeti ya kusokota ndani ya viatu.

La muhimu kuliko yote hayo: msiingize jiko la mkaa chumbani ili kuota moto. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Ombeni blanketi la ziada.

Matema ni hadithi nyingine. Mnashuka hadi kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, joto, na malaria ipo kwa wingi. Chandarua na dawa ya kupaka tangu jioni ya kwanza. Homa yoyote kuanzia siku ya 7 hadi miezi mitatu baada ya kurudi Morogoro, pimeni siku hiyo hiyo na mtaje kwamba mlikuwa Kyela, wilaya iliyo na Matema. Ziwani epukeni matete, maji yaliyotuama na midomo ya mito, kwa ajili ya kichocho na mamba pia. Mchanga mweupe usiwape uhakika wa asilimia mia. Wote mlioogelea pimeni kichocho wiki 6 hadi 12 baadaye, hata bila dalili.

Mama_Watatu

Asanteni sana, wakuu. Rungwe nimeifuta, mume kanuna kidogo. Mawili ya mwisho: Ijumaa tuteremke Matema kwa njia ipi? Na siku ya Ngozi mama mkwe afanye nini?

Mzee_wa_Kiwira

Kuna njia mbili. Ile ya Masoko kwenda Ipinda ina mandhari lakini ni ya vumbi na usafiri wake ni wa kubahatisha. Mkiwa sita na mizigo, piteni ya lami: Tukuyu hadi Kikusya, halafu kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema, kipande cha kilomita 39. Noah ya kukodi itawafikisha bila kubadilisha magari. Patanani nauli pamoja na mizigo kabla ya kupakia.

Jumamosi nendeni Lyulilo asubuhi kwa miguu, ni kama kilomita 2 za tambarare kando ya ziwa, hata mama atafika. Mkitaka mtumbwi kwenda Ikombe iwe mapema, kabla mwera, upepo wa kutoka kusini, haujachachamaa. Juni hadi Agosti upepo huo huinua mawimbi upande huu wa kaskazini. Vyungu vifungeni kwa majani makavu ya mgomba, kimoja kimoja, na basini vikae miguuni mwenu. Kwenye buti la basi havifiki vizima.

Mama mkwe siku ya Ngozi abaki Tukuyu, aende sokoni na kupata mbalaga ya moto, yaani ndizi za kupika za Kinyakyusa. Akitaka sana kuja, mwacheni garini ukingoni mwa msitu na chai ya chupa, lakini muda wa saa nne na zaidi kwenye baridi ile ni mwingi kwa goti bovu.

Fundi_wa_Njia

Mume aliyenuna asinune. Alhamisi asubuhi, nyinyi mkielekea Masoko, yeye na wa miaka 13 wanaweza kuchukua mwongozaji na kupanda kipande cha chini tu cha msitu wa Rungwe, muda wa saa 3 kwenda, kisha wageuze. Wawe wameshalipia kibali Jumatano jioni kabla ofisi haijafungwa.