Mjadala: Kijana wa miaka 19 akishikwa na kopo la maziwa mara ya kwanza, ni wa gereza la Kasapa?

Mwanzisha mjadala, Bel-Air

Ndugu zangu wa Lubumbashi, swali hili limegawanya watu wa avenyu yetu, nalileta hapa tulijadili bila matusi.

Kijana wa jirani, miaka 19, alishikwa katikati ya mji kwenye magazini (duka) moja kubwa. Alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga chini ya koti. Hajawahi kuonekana polisi kabla ya hapo. Walinzi walimfungia depo, wakayafunga makopo kwa kamba wakamvisha shingoni, wakampiga picha. Kabla mama yake hajapata habari, picha ilishafika kwenye kundi la WhatsApp la kwaya anayoimba. Halafu kasho, mahabusu ya polisi. Kesho yake familia ikaombwa pesa ya karatasi. Siku iliyofuata, pesa ya usafiri. Kisha pesa ya "kufunga dosie", yaani faili. Mama akauza friji ambayo alikuwa anauzia maji baridi. Kijana akatoka bila kuona jaji, bila PV (maandishi ya polisi ya kesi), bila risiti hata moja. Yale makopo yalikuwa yamerudi kwenye rafu siku ileile, hayajabonyea.

Niseme wazi: kijana alikosa na alistahili adhabu. Ninachokataa ni adhabu aliyoipata, ambayo haimo katika sheria yoyote ya nchi yetu, Kongo. Kanuni ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 80, inasema wizi usio na nguvu wala vitisho unaadhibiwa kwa kifungo kisichozidi miaka 5 na faini, au kimojawapo tu. Hakuna mahali inasema mwizi avishwe makopo, wala mama yake auze friji. Katiba nayo, kifungu cha 18, inataka mtu asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48: ama aachiliwe, ama apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria.

Pendekezo langu ni hili. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ina njia ya upatanishi kati ya mtoto aliyekosa na aliyeibiwa. Kijana huyu angeshikwa miaka miwili nyuma, angepita huko, mbele ya tribinali ya watoto. Alipofika 18 mlango ule ulifungwa, akabaki na kasho tu. Tuupanue hadi miaka 25, kwa anayeshikwa mara ya kwanza, ambaye hakupiga mtu wala kuvunja mlango: arudishe au alipe, aombe msamaha mbele ya mhukumu, iandikwe, aende nyumbani.

Mama wa alimantasio, Katuba

Papa, nimesoma kwa heshima, lakini miye sikubali. Unahesabu mali ya magazini kubwa, yenye kamera na walinzi. Njoo uhesabu ya alimantasio yangu, duka dogo la vyakula.

Mzigo wangu unatoka Kasumbalesa, mpakani. Nalipa gari, nalipa vizuizi vya njiani, nalipa taksi ya jijini. Katoni ya maziwa ikifika dukani, makopo karibu yote yananirudishia makuta (pesa) niliyotoa, basi. Kula yangu na ada za shule za watoto viko kwenye yale mawili matatu ya mwisho. Kwa hiyo kijana akificha mawili chini ya koti, amebeba kazi yangu ya wiki kwa katoni ile, na nitazungusha mzigo mwingine ili nirudi pale nilipokuwa.

Halafu hii "mara ya kwanza". Mara ya kwanza kuiba, au mara ya kwanza kushikwa? Nani anajua? Wewe unajua? Vijana wanaelezana. Wakisikia kwamba wa kwanza anaomba msamaha na kwenda nyumbani, kila mmoja atakuja kutumia ya kwanza yake kwangu. Aende Kasapa hata mwezi mmoja aone. Atakayemwona akirudi ataogopa.

Mwanafunzi, Ruashi

Mama, Papa, kuna mtu wa tatu hamjamtaja: barabara. Kwetu mwizi akipigiwa kelele, polisi hawafiki wa kwanza. Wanafika watu na mawe, na tairi linatafutwa. Nimeona kijana akiokolewa na mwenye duka mwenyewe, aliyemkokota ndani na kufunga mlango wa chuma huku watu wanaugonga. Na sababu wanayoitoa ni moja kila siku: "Tukimpa polisi, jioni yuko nje." Kwa hiyo mkisema aende nyumbani, lazima pawe na kitu ambacho watu wanakiona kimetendeka. La sivyo watakitenda wao.

Avoka, Kamalondo

Mniruhusu, wazee wangu. Nafanya kazi ya utetezi hapa mjini, na naona tunagombania sheria mpya wakati tulizonazo zimelala.

Tangu tarehe 24 Februari 1978 kuna ordonansi-sheria kuhusu makosa ya flagrance, yaani mtu aliyeshikwa akitenda. Huyo anafikishwa mbele ya tribinali upesi, bila uchunguzi wa miezi. Kopo lipo, mlinzi aliyeliona yupo, kijana mwenyewe anakiri: kimebaki nini cha kuchunguza? Na kwa kuwa wizi wa namna hii haupiti miaka 5, unaamuliwa na tribinali ya amani.

Akifika pale, jaji hafungwi na ile miaka 5. Anaweza kutoza faini tu. Anaweza pia kutoa hukumu yenye masharti, ile tunayoiita sursis: kijana anahukumiwa, lakini kifungo hakitekelezwi, na akipita muda aliowekewa bila kosa jingine, hukumu inahesabiwa kama haikuwepo. Mama, hiyo inajibu hofu yako, maana kifungo kinabaki juu ya kichwa chake muda wote huo.

Kuna na njia ndogo zaidi. Utaratibu wa kesi za adhabu wa tarehe 6 Agosti 1959 unamruhusu OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, akiona kwamba jaji angetoza faini tu, kumwalika mkosaji kulipa amande (faini) inayoingia Hazina ya Serikali. Papa, friji ya yule mama ilikwenda wapi? Risiti ingetuambia.

Sasa jambo linaloniuma. Hapa kwetu kampuni za mgodi zinamwomba kijana kazie yake ya mahakama, karatasi inayoonyesha kama amewahi kuhukumiwa, kabla ya kumwajiri. Aliyelipa polisini chini ya meza anaitoa nyeupe. Yule ambaye dosie yake ilikwenda vizuri, akahukumiwa kwa haki faini ndogo, ndiye ana doa. Kwa hiyo familia yenye akili inakimbia jaji na kumtafuta OPJ. Tumefanya njia ya halali kuwa ndiyo ya hatari, kisha tunashangaa hakuna anayeipita. Ndiyo maana naitetea sursis kuliko upatanishi wa Papa: upatanishi ukiwekwa kituo cha polisi utakuwa soko lilelile kwa jina jingine.

Mwanzisha mjadala, Bel-Air

Mwanangu Avoka, asante, umenifungua macho kuhusu kazie. Ndiyo maana nilisema mbele ya mhukumu. Kituoni, hapana.

Lakini Mama, nirudi kwako, maana neno lako "aone" limenikaa moyoni. Aone nini? Septemba 2020 wafungwa waliishika Kasapa siku tatu nzima, wanawake waliokuwa ndani wakabakwa. Hilo lilitokea hapa, si mbali. Kule Kinshasa, gereza la Makala lilijengwa kwa watu 1,500 na lilikuwa na karibu 15,000 Septemba 2024, usiku wa jaribio la kutoroka ambalo Serikali ilihesabu wafu 129, na walio wengi mle ndani walikuwa hawajahukumiwa kwa lolote. Ukimpeleka mtoto wa miaka 19 kwa makopo mawili, humpeleki kwa mwezi mmoja. Kizuizi cha kungoja kesi kinaanza na siku 15, kisha kinaongezwa mwezi, kisha mwezi mwingine. Analala na watu waliofanya makubwa, mama yake anabeba chakula kutoka Bel-Air, na wale watu wa ndani ndio wanakuwa ndugu zake anapotoka. Ukimwona tena dukani kwako, hatakuwa amekuja peke yake.

Mzee wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi

Mimi naongeza dogo. Mlinzi aliyepiga ile picha ashitakiwe pia. Hadi leo hakuna aliyemwuliza, na kijana hatakaa tena kwenye kwaya. Na polisi wanaomfunga baba au kaka ili mwizi ajitokeze, Katiba imewakataza katika kifungu cha 17: mtu hafungwi kwa kosa la mwingine. Nimeona hayo mara nyingi mtaani kwetu, na tunanyamaza.

Mama wa alimantasio, Katuba

Mzee, kuhusu picha niko upande wako. Nina wavulana wawili wa umri ule. Na Papa, habari za Kasapa sizikatai.

Basi nitasema ninachoweza kukubali, na wenzangu wa soko waseme kama nimekosea. Aletwe mbele ya jaji, sawa, lakini mimi niitwe, nisikilizwe, nisiambiwe kurudi kesho na kesho. Kila siku ninayokaa tribinali duka limefungwa, na hiyo hasara hakuna kati yenu aliyeihesabu. Alipe bei ya kitu na bei ya siku yangu. Jina lake liandikwe mahali ambapo jaji wa Kampemba na wa Katuba wote wanaweza kuliona, ili akija kwangu baada ya kuiba Ruashi asiitwe tena wa kwanza. Kufanya kazi dukani kwangu kama malipo, hapana, simtaki karibu na rafu. Afagie soko, watu wamwone akifagia. Hilo litamtosha na yule wa Ruashi anayeogopa barabara.

Avoka, Kamalondo

Mama, uliyosema kuhusu daftari la majina ndipo kazi ilipo, maana tribinali za amani za mji huu haziangaliani dosie kwa urahisi. Kuna na shida ya Jumamosi. Maduka yanajaa Jumamosi, wengi wanashikwa Jumamosi, na hadi Jumatatu hakuna ofisi ya kumpeleka. Saa 48 zinaishia kasho, na pesa nyingi zinaombwa katika saa hizohizo. Mhukumu mmoja wa zamu Jumamosi mchana na Jumapili, na nusu ya biashara ile inakufa.

Mwanzisha mjadala, Bel-Air

Nakubali yote ya Mama: siku yake ilipwe, jina liandikwe, afagie soko. Na zamu ya Jumamosi tuidai kwa maandishi. Avoka, utusaidie kuandika barua kwa parke (ofisi ya mwendesha mashitaka), nasi tutatafuta sahihi za wenye maduka. Barua ya wazazi peke yao haitasomwa.

Mama wa alimantasio, Katuba

Sahihi yangu mtaipata, na ya mama wawili watatu wa hapa jirani. Lakini futeni ile miaka 25. Wa miaka 25 ana mke na watoto, anajua bei ya maziwa kuliko mimi. Andikeni 21.