Nanowaya za sola zinaoteshwaje, na dhahabu inahusikaje?

Fundi_Kirumba: Habari wakuu. Mi ni fundi sola hapa Kirumba, wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa, jana nimefungua paneli ya wati 20 imetoka Ukerewe, kioo kimepasuka na zile sahani za silikoni ndani zimekuwa vipande vipande. Kijana wangu wa chuo akaniambia siku hizi kuna nyaya ndogo mno zinaoteshwa kama nyasi badala ya sahani, eti mbegu yake dhahabu. Sasa dhahabu Geita ipo hapo tu ila bei tunaijua wote. Zinaotaje?

Mwl_Nyegezi: Fundi umeuliza jambo zuri sana. Dhahabu inayotumika ni chembe tu, kitone kimoja kina upana wa kama nanomita 50, wakati unywele ni kama nanomita 80,000. Vitone vinawekwa juu ya silikoni ndani ya tanuru halafu inapitishwa gesi ya sileni, gesi yenye silikoni ndani yake. Dhahabu peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 1064, ila ikichanganyika na silikoni nyuzi 363 tu zinatosha, siri iko hapo. Tone linanyonya silikoni ya kwenye gesi mpaka linashiba, sawa na chai uliyotia sukari ikakataa kuyeyuka, inayozidi inatuama chini. Silikoni ikituama inaganda, inalisukuma tone juu, inatuama tena, waya unarefuka huku umebeba tone kichwani kama mtu na ndoo ya maji. Wagner na Ellis, watafiti wa maabara ya Bell Labs kule Marekani, waliieleza njia hii mwaka 1964.

DadaFizikia: Shikamoo mwalimu. Naongezea kidogo, dhahabu ikibaki ndani ya silikoni inanasa chaji njiani na umeme unapotea, ndo maana galiamu asenaidi, malighafi nyingine ya sola mbali na silikoni, wengine wanaiotesha kwa matone ya galiamu yenyewe. Kinachonifurahisha mimi ni mwanga: mwaka 2013 watafiti wa Lund, Sweden, walitumia nyaya za indiamu fosfaidi, nayo malighafi ya sola, zilizofunika kama asilimia 12 tu ya eneo na bado seli ikafikisha ufanisi wa asilimia 13.8! Yaani zinavuta mwanga hata wa pembeni yake.

Fundi_Kirumba: Aisee. Sasa hapa Mwanza kijana anaweza kujaribu?

Mwl_Nyegezi: Sileni asiiguse kabisa, ikikutana na hewa tu inawaka. Aanze na zinki oksaidi kwenye maabara ya kemia, na msimamizi awepo: zinki naitreti na heksamini kwenye maji ya nyuzi 90, kioo kinazama humo masaa kadhaa, kinatoka na ukungu mweupe, ule ukungu ndo nyaya zenyewe. Zenyewe hazinyonyi mwanga tunaouona, zinapakwa rangi maalum inayonyonya, nyaya zinabaki kuwa njia ya kupitisha chaji.

Fundi_Kirumba: Na mbegu hapo ni nini mwalimu, maana dhahabu haipo?

Mwl_Nyegezi: Zinki asiteti kwenye ethanoli, anadondoshea juu ya kioo kisafi, inakauka, anarudia mara kadhaa, halafu anachoma kwenye nyuzi 350. Kioo kikiwa na mafuta ya vidole mbegu hazishiki, hapo ndo wengi wanaharibu.