Nimechoka na programu za mishahara zinazoficha hesabu zake

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na uzi utakuwa mrefu. Ni saa nne usiku, niko ofisini, mbele yangu kuna rundo la slipu za mishahara ninazozikokotoa upya moja moja kwa kalamu na kikokotoo. Na kila mwezi ofisi yetu inalipia programu ambayo kazi yake ni hiyo hiyo.

Sisi ni ofisi ndogo ya uhasibu, tuko watatu. Tunaandaa mishahara ya wateja 22. Wengi wao wana wafanyakazi wawili, watatu au wanne, na mkubwa kuliko wote ana 61. Kwa miaka mingi tulitumia Excel, na Excel nayo ina mitego yake. Ukifungua humo faili la malipo ya benki, inameza sifuri za mwanzo za namba ya akaunti. Namba yenye tarakimu 16 inageuzwa ya mwisho kuwa sifuri, kwa sababu Excel inashika tarakimu 15 tu. Siku mshahara wa mtu uliporudi kwa sababu hiyo, tukaamua kuhama. Tukaita wauzaji, tukakaa kwenye demo nne, yaani maonyesho ya programu zao, tukachagua mmoja. Jina silitaji, maana nililolikuta kwake baadaye nimelikuta kwa wale wengine watatu pia, kwa viwango tofauti.

Programu hizi zinakupa jibu bila kukupa njia. Unabonyeza kukokotoa, inakuletea makato ya kodi ya mfanyakazi fulani. Unauliza: kiasi hiki kimetoka wapi? Kimekatwa juu ya mshahara upi, baada ya kutoa nini, kwa daraja lipi la kodi? Unabonyeza juu ya ile namba, hakuna kinachofunguka. Unapiga simu huduma kwa wateja, unaambiwa "mfumo umeshakokotoa."

Halafu anayeweka sahihi ni mimi. Mfanyakazi akipunjwa anamlalamikia mwajiri wake, mwajiri ananipigia mimi. Wakaguzi wa kodi wakija, wanaomba maelezo kwangu. Nimeupitia mkataba wa programu mstari kwa mstari, na umeandikwa wazi kwamba hesabu za mfumo ni za kumsaidia mtumiaji tu, na ni wajibu wa mtumiaji kuzithibitisha. Nithibitishe vipi kitu ambacho mmekificha?

Niwape mifano, maana najua atatokea mtu aseme sijui kutumia mfumo.

Mwezi wetu wa kwanza kwenye mfumo huo, mteja wetu mmoja aliajiri mtu aliyeanza kazi Alhamisi tarehe 17, mwezi wa siku 31. Tuseme mshahara wake ni 1,200 kwa mwezi, hesabu iwe nyepesi. Atalipwa kiasi gani kwa kipande hicho cha mwezi? Ukihesabu siku za kalenda, ni 15 kati ya 31, anapata 580.65. Ukitumia desturi ya kugawa kila mwezi kwa 30, anapata 600. Ukihesabu siku za kazi tu, Jumatatu hadi Ijumaa, ni 11 kati ya 23, anapata 573.91. Majibu matatu, na kila moja lina mahali pake kutegemea mkataba wa ajira unasemaje au sheria ya kazi inasemaje. Mfumo wetu ulitoa 580.65 kimya kimya. Mkataba wa yule bwana ulisema siku za kazi. Nilitafuta sehemu ya kubadilisha kanuni kwa siku mbili, kisha nikaambiwa haipo, "wateja wengi hawaihitaji." Kwa mwajiri mmoja mwenye mkataba wa aina moja, sawa. Mimi nina waajiri 22 na mikataba ya kila namna.

Hilo lilikuwa dogo. Lililoniumiza ni la kuhamia katikati ya mwaka.

Wenye uzoefu mnajua kwamba pale kodi ya mshahara inapokokotolewa kwa mrundikano, kila mwezi mfumo unajumlisha mapato yote tangu mwaka wa kodi uanze, unatafuta kodi inayostahili hadi leo, unatoa iliyokwisha kukatwa, na tofauti ndiyo makato ya mwezi huo. Kwa hiyo ukihama katikati ya mwaka lazima uingize salio la kuanzia la kila mtu. Mtoa programu alitutumia faili la kujaza. Lilikuwa na safu ya mapato hadi sasa na safu ya kodi hadi sasa. Safu ya michango ya pensheni hadi sasa, ile inayotolewa kabla ya kodi, haikuwepo. Niliuliza kwa maandishi, na majibu ninayo mpaka leo: "Jaza tu kama ilivyo, mfumo utarekebisha."

Mfumo haukurekebisha chochote. Uliona mapato ya miezi mitano bila michango, ukayachukua yote kuwa ya kutozwa kodi, ukahesabu kwamba watu hawa wamekatwa pungufu tangu mwaka uanze, kisha ukalikata pengo lote kwa mkupuo mwezi huo wetu wa kwanza. Wafanyakazi 61 wa mteja wetu mkubwa wakapokea mshahara uliopungua, siku moja, bila onyo. Hawa ni watu wenye kodi ya nyumba na ada za watoto. Yupo mama mmoja anayefanya usafi pale, alikuja mwenyewe ofisini na slipu yake mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa kwa sababu mfumo haukuwa na mahali pa kunionyesha. Nilitumia usiku mzima kurudi nyuma kutoka kwenye jibu hadi nikagundua safu iliyokosekana. Kama ukurasa mmoja tu ungeonyesha "mapato hadi sasa, toa michango, baki ya kutozwa kodi", ningeiona ile sifuri kwenye mstari wa michango kabla hata ya kutuma faili benki.

Na kurekebisha je? Hapo ndipo nilipochukia kabisa. Mwezi ukishafungwa, haufunguki kwa mwajiri mmoja na mtu mmoja. Ukiufungua, slipu za mwezi huo zinafutwa na kutengenezwa upya kwa tarehe ya leo, na zile za zamani, ambazo watu wanazo mikononi, hazibaki popote kwenye mfumo. Mhasibu gani amelelewa hivyo? Tangu siku ya kwanza ya darasa tunafundishwa kwamba kosa halifutwi, linaandikiwa ingizo la kulisahihisha, na la kwanza linabaki likionekana. Njia nyingine waliyonipa ni kuweka tofauti yote kama posho ya mwezi unaofuata. Hiyo nayo ni hatari pale kodi inapokokotolewa kwa mwezi mmoja mmoja: malimbikizo ya miezi mitatu yakiingizwa kwa pamoja yanaweza kumsukuma mtu kwenye daraja la juu la kodi, au kupita ukomo wa mchango wa mwezi, wakati kila mwezi peke yake hakustahili hayo. Na kila ukirudia kukokotoa, wanahesabu ni mzunguko mpya, wanakutoza. Kosa la faili lao, ankara yangu.

Msifikiri hili ni la ofisi ndogo peke yake. Serikali ya Kanada iliwasha mfumo wake wa mishahara uitwao Phoenix mwaka 2016. Makumi ya maelfu ya watumishi walilipwa pungufu, wengine zaidi, wengine hawakulipwa kabisa. Mkaguzi mkuu wa nchi hiyo alipochunguza, alikuta kwamba majaribio yalifutwa na kazi muhimu za mfumo zikaondolewa ili kubana gharama na muda, ikiwamo ile ya kushughulikia malipo ya nyuma. Malipo ya nyuma! Kitu kile kile kinachoniweka macho leo. Kabla yao, mwaka 2010, idara ya afya ya jimbo la Queensland huko Australia iliwasha wake, wauguzi na madaktari wakakosa mishahara, na hasara ikaja kukadiriwa kupita dola bilioni moja za kule. Wale walikuwa na majeshi ya wataalamu. Sisi watatu tunatarajiwa kumwamini kijana wa mauzo mwenye slaidi.

Tena tuzungumze kuhusu hizo demo. Katika demo zote nne, mfanyakazi wa mfano alikuwa na mshahara mmoja usiobadilika, ameanza tarehe moja, hana mkopo, hana saa za ziada, hajaacha kazi, hajaongezewa mshahara kwa kurudi nyuma miezi miwili. Mfanyakazi wa namna hiyo hata Excel inamtosha. Nilipomwomba mmoja wao amwingize mtu aliyeacha kazi tarehe 9 akiwa na siku za likizo ambazo hakuzichukua na mkopo ambao haujaisha, akasema hilo tutaliona kwenye mafunzo. Nikakubali. Ningesimamisha kikao pale pale.

Kuna na senti. Najua wengine wataona ni udogo, lakini senti ndizo zinazofanya jumla ya slipu isilingane na jumla ya faili la benki, na wewe ukakesha. Mfumo mmoja unakadiria, yaani unaondoa vipande vya senti, kwenye kila mstari, mwingine unakadiria jumla tu. Mmoja nusu inapanda daima, mwingine inaenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Hata ndani ya Excel hiyo hiyo, fomula ya ROUND inaipeleka 2.5 kuwa 3, lakini Round ya lugha yake ya VBA inaipeleka kuwa 2. Niliwauliza watoa programu wetu: ninyi mnatumia ipi? Tiketi yangu, yaani swali nililoliandikisha kwao, ina wiki sita, haijajibiwa.

Kuhusu bei nitasema moja tu. Ukiambiwa bei ni kwa kila mfanyakazi, uliza kama kuna kiwango cha chini kwa kila mwajiri. Kwetu kilikuwepo, kiliandikwa kwenye kiambatisho. Mteja mwenye watu wawili analipiwa kama mwenye kumi. Zidisha kwa wateja wangu wadogo, utaelewa kwa nini mahesabu yangu ya kuhama yaliharibika.

Nimeamua kuondoka. Basi nikaomba data zetu. Wamenitumia nini? Faili za PDF. Slipu 1,900 na ushei za PDF. Nilikuwa nimeuliza kabla ya kusaini kama data zinatoka, nikaambiwa zinatoka. Kweli zimetoka, ila huwezi kuzipakia popote. Ninachohitaji ni majedwali: kila mtu, kila mwezi, kila posho na kila makato kwenye safu yake, pamoja na mrundikano wa mwaka, na kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, hasa mabadiliko ya akaunti za benki, maana hapo ndipo wizi unapopitia. Wamesema majedwali yanawezekana kwa ada ya ziada. Data za wateja wangu, nilizoziingiza kwa mikono yangu, nilipe ili nizione.

Safari hii tunafanya kwa namna nyingine. Tumechagua wafanyakazi wanane wenye hesabu ngumu kuliko wote, tumeondoa majina yao, tumekokotoa kila mmoja kwa mkono hadi senti ya mwisho. Kuna aliyeanza katikati ya mwezi, aliyeacha, aliyeongezewa kwa kurudi nyuma, mwenye kazi mbili, na yule ambaye mwajiri alimwahidi kiasi cha mkononi, baada ya makato, ikabidi tupande kutoka huko kutafuta mshahara ghafi, ule wa kabla ya makato. Muuzaji yeyote anayetaka kazi yetu atawaingiza hao wanane mbele yetu, kwenye mfumo wenyewe. Kisha tunamwambia afunge mwezi, tunampa kosa la kurekebisha kwenye mwezi aliofunga, na tunataka kuona slipu ya zamani na mpya zote mbili. Mwisho atutolee data zote kwenye majedwali, siku hiyo hiyo. Atakayepita, tutaendesha mfumo wake sambamba na wa zamani kwa miezi mitatu kabla ya kulipa mtu yeyote kupitia kwake.

Wawili tayari wamekataa. Mmoja ameandika kwamba jaribio la namna hii "si la kawaida kwa ofisi ya ukubwa wenu." Barua hiyo nimeihifadhi.

Sasa naomba kwenu mlio kwenye kazi hii, hasa mnaoandaa mishahara ya waajiri wengi wadogo. Kuna yeyote anayetumia programu ambayo ukigusa makato ya kodi inakufungulia hatua zote? Sitaki kuambiwa ina muonekano mzuri au ina aplikesheni ya simu. Na kama umewahi kuhama katikati ya mwaka ukafanikiwa kupata majedwali yako bila kulipishwa, niandikie ulitumia kifungu gani cha mkataba. Nina siku 19 kabla mwezi haujafungwa tena.