Je, Lansbury alikuwa sahihi kuachia ubunge mwaka 1912?

Mleta mada:
Wanajamvi, naomba tuujadili uchaguzi mdogo wa Bow and Bromley, mashariki mwa London, wa Novemba 1912. George Lansbury, mbunge wa chama cha Labour, aliachia kiti kwa hiari yake na kuwarudia wapiga kura, akitaka ridhaa yao ya kupigania haki ya wanawake kupiga kura. Alikuwa amewataka wabunge wenzake wa Labour waipinge serikali ya waziri mkuu Asquith katika kila jambo mpaka haki hiyo itolewe, nao wakakataa. Mwezi Juni mwaka huohuo alikuwa amemfuata Asquith bungeni na kumshutumu ana kwa ana kwa sababu ya wanawake wapigania kura waliogoma kula magerezani na kulishwa kwa nguvu, hata akasimamishwa.

Tarehe 26 Reginald Blair wa Conservative alipata kura 4,042, Lansbury 3,291. Kwa maoni yangu alikosea, tena si katika hoja bali katika baraza aliloichagulia hoja hiyo. Wanawake wa Bow, ambao ndio wenye shauri, hawakuwa na kura, na hata kwa wanaume, takriban wanne katika kila kumi nchini hawakuwa na haki hiyo. Aliwauliza waliokwisha kukaa kama wasogee.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu mleta mada, unamhukumu kwa matokeo. Kiti alikipata Desemba 1910 kwa tiketi ya Labour. Alipoona hawezi tena kuufuata msimamo wa wenzake, angekikalia kwa uhalali gani? Kurudi kwa waliomtuma ndiyo adabu ya uwakilishi, na wabunge wengi hawana ujasiri huo.

Kilichomwangusha ni kampeni. Uongozi wa Labour ulimnyima msaada, na WSPU, chama cha wanawake waliodai kura, kilichoongozwa na Emmeline Pankhurst, kilikuja Bow na watu wake na amri zake. Sylvia, bintiye Emmeline, alisimulia kwamba siku ya kupiga kura WSPU walikuwa na magari ya kuwabeba wapiga kura, ilhali watu wa Labour walikuwa na orodha ya majina, na kwa kuwa hakuna upande uliokubali kuongozwa na mwenzake, magari yalibaki bila watu na orodha bila magari. Hapo kosa la Lansbury ni lipi?

Mleta mada:
Habari ya magari naikubali, na inasikitisha kweli. Lakini pengo lilikuwa kura 751, na Liberal, chama cha Asquith, hawakusimamisha mtu, kwa hiyo huwezi kusema kura ziligawanyika. Wafuasi wa Blair walikuwa wakinadi kwamba hawataki serikali ya sketi, yaani ya wanawake, na wanaume wakalijibu swali hilo badala ya lile la Lansbury. Kuhusu adabu ya uwakilishi nakuunga mkono. Ninachopima mimi ni gharama yake. Lansbury hakurudi bungeni hadi 1922. Sheria ya 1918, iliyowapa kura wanawake wa miaka 30 na zaidi waliotimiza masharti, ilipopitishwa, mbunge wa Bow and Bromley alikuwa bado Blair.