Tupeane uzoefu: uligunduaje mwanao anakunywa, na ulifanya nini?

Wakuu, naanza mwenyewe ili mtu asione aibu. Kijana wangu ana miaka 15. Chupa ya kabatini haikupungua hata siku moja, mpaka nilipommiminia mgeni, akaniuliza, "Mbona maji haya?" Kumbe mtoto akinywa anajazia ya bomba, anarudisha kizibo. Nilifoka usiku kucha. Sasa anakunywea huko nisikomwona. Nyie mlifanyaje? Visa tafadhali, mahubiri ninayo ya kutosha.

Mama Watatu: Pole mkuu. Wangu kila akirudi ananuka pipi za mnanaa na salamu anatoa akiwa mlangoni. Usiku ule sikumwuliza kitu, mlevi haulizwi. Kesho yake tuko garini, yeye anaangalia dirishani, mimi barabara, nikamwuliza, "Ukinywa unajisikiaje?" Kimya kirefu. Akasema bila pombe usingizi hauji tangu baba yake aondoke. Tulienda kwa mshauri nasaha pamoja, na vikao vya mwanzo nililia zaidi mimi.

Nesi wa Usiku: Ombi langu kwenu: akizimika, msimpe kahawa wala kummwagia maji, na msimwache "alale iishe". Ini lina mwendo wake, haliharakishwi. Mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, mtu akae naye. Haamshiki, anapumua kwa kusuasua au mwili umepoa? Hospitali, muda huohuo. Nilipokea binti wa miaka 14 ambaye wenzake walimficha saa nzima wakihofia wazazi, sukari imeshuka vibaya. Alipona. Wanangu nimewaambia wanipigie saa yoyote, nitawafuata, maswali kesho. Na anayekunywa kila siku asikatishwe ghafla bila daktari, anaweza kupata degedege.

Mzee wa Bilauri: Mimi ni yule wa "bora aonje nyumbani nikimwona". Alichojifunza ni kwamba baba hana neno. Basi.

Niliyeacha: Mimi ndiye huyo mtoto mnayemjadili, sasa nina 23. Nilianza na 13. Daktari alimwomba mama atoke nje, akaniuliza maswali machache tu: umewahi kupanda gari la dereva aliyekunywa? Huwa unasahau ulichofanya? Unakunywa ukiwa peke yako? Hilo la mwisho lilinikwama kooni, kwa sababu nilikuwa najiambia nakunywa kwa ajili ya washkaji. Nilirudia pombe mara mbili baada ya hapo. Mara ya pili baba hakufoka, aliuliza, "Miadi yako ya kliniki ni lini?" Mkuu, yule wako usimpekue begi mbele ya wadogo zake. Mimi nilifanyiwa, na nilikunywa zaidi wiki ile.

Mwanzisha mada: Niliyeacha, begi nilishalipekua. Mbele ya mdogo wake. Jumamosi nina safari ya gari, mwendo wa saa mbili, nimemwomba anisindikize, amekubali kwa kunung'unika. Redio nitaizima.