Mrejesho: Volkano yetu ya jikoni imefoka

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini volkano niliyowatengenezea wanangu kwa magadi na siki ilitoa povu kidogo tu kisha ikanyamaza. Mlinieleza kwamba bakuli nililotumia lilikuwa na mdomo mpana mno, hivyo gesi ya kaboni dioksaidi ilitoroka kabla ya kusukuma chochote, na mkanishauri nitumie chupa yenye shingo nyembamba pamoja na sabuni ya maji.

Jumamosi tulifanya hivyo. Tuliizungushia chupa udongo, tukatia vijiko viwili vya magadi yaliyosagwa laini, matone ya sabuni na rangi nyekundu ya chakula. Binti yangu alipomimina nusu kikombe cha siki, povu lilipanda shingoni, likasita kidogo mdomoni, kisha likateremka pande zote hadi kwenye sinia.

Swali lake lililofuata ndilo lililonifurahisha zaidi: je, ndani ya mlima wa kweli mna siki? Nilimjibu kwamba hamna, bali mna mwamba ulioyeyuka kwa joto, ambao gesi zilizomo husaidia kuufyatua nje, na ni katika msukumo huo tu ndipo jaribio letu linapofanana na mlima. Hata hivyo, Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoa lava nyeusi yenye kaboneti ya sodiamu kwa wingi, jamaa wa karibu wa magadi yetu, nayo hugeuka nyeupe ikipata unyevu. Aliposikia hivyo, aliokota punje ya magadi iliyobaki mezani, akaitazama kwa muda mrefu.

Asanteni sana.