Mathayo wa Caravaggio ni yupi pale mezani?

Mleta mada: Wadau, tubishane kwa hoja. Katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma, ipo picha ya mchoraji Mwitaliano Caravaggio ya mwaka 1600: Yesu anamwita Mathayo, mtoza ushuru aliyekuwa "ameketi forodhani". Mezani wako watano. Mwenye ndevu kanyoosha kidole, na wengi husema ndiye, anauliza "mimi?" Nakataa. Kidole kile kinampita mwenyewe, kinaelekea kwa kijana wa mwisho aliyeinamia hela. Anauliza "huyu?"

Mchangiaji 1: Mkuu, umetazama picha moja. Kikanisa kile cha pembeni kina tatu za Mathayo, zote za Caravaggio. Anapouawa ana ndevu, anapoandika Injili na malaika juu yake ana ndevu. Hapa tu ndio awe kijana? Halafu mwanga umempiga nani usoni?

Mleta mada: Umewapiga na vijana wenye manyoya kofiani. Nao mitume? Mwanga wenyewe hautoki dirishani. Dirisha lipo, halipitishi kitu. Unashuka kutoka kulia, juu ya kichwa cha Yesu, sambamba na mkono wake. Na mkono huo tumeshauona: ni wa Adamu katika mchoro wa Michelangelo kwenye kikanisa cha Sistina, Vatikani, pale Mungu anapomnyooshea mkono kumuumba; kiganja kimelegea vilevile. Hakuazima mkono wa Mungu, kaazima wa Adamu! Paulo alimwita Kristo Adamu wa mwisho, mwenye kuhuisha. Mkono kama huo hauhitaji mtu aliyekwisha kuinua kichwa.

Mchangiaji 2: Naongezea kidogo. Papa Francis alisema mwaka 2013 kwamba kinachomgusa hapo ni Mathayo kuzing'ang'ania hela zake. Hiyo inambeba kijana. (Miaka mingi ilibidi utumbukize sarafu ndipo taa ya kikanisa iwake. Ushuru haujaisha!)

Mchangiaji 1: Mkono wa kulia wa mwenye ndevu nao uko kwenye hela, tazama vizuri.

Mleta mada: Analipa kodi yake huyo. Tazama miguu ya Yesu, imeshageukia nje. Anaita huku anaondoka, na kijana bado anahesabu.

Mchangiaji 1: Injili inasema aliondoka, akamfuata. Kwa hao wawili unaowagombania, aliyesikia ni mmoja tu, na ana ndevu. Sijasogea hata inchi.